Mwanakombo wa Nyuma ya Shuka

Nimesema sitaki, bado nimeletewa kalamu. Mwasiti, mjukuu wa marehemu Mwanakombo, amekuja hapa kwangu Mtoni siku tatu mfululizo na daftari jipya, anasema, "Bibi Tunu, wewe ndiye uliyebaki unayejua." Kwani kubaki nako ni kosa? Wenzangu wamekufa wamepumzika, mie nimebaki nimegeuzwa karani. Kusoma kwenyewe nimejifunzia darasa la ngumbaru, nywele zimeshakuwa nyeupe, na mpaka leo herufi zangu zinatembea kama kaa, ubavuubavu. Atakayeshindwa kuzisoma asije kunilalamikia. Nimeandika kwa mkono wangu, sikumwambia mtu aniandikie, maana mtu akikuandikia anatia na yake.

Basi. Mwanakombo binti Mwinshehe alikuwa msusi. Hapa Mtoni, na hata Keko na Temeke, mwanamke akitaka kwenda harusini kichwa chake kikiwa kimesimama, alikuja kwake. Alikaa kwenye kibao nyuma yako, wewe chini kwenye jamvi kati ya magoti yake, na kichwa chako kilikuwa mali yake mpaka amalize. Ukitikisika anakupiga kofi dogo la sikio. "Tulia, mwanamke, kichwa hiki si chako sasa hivi." Alikuwa na vidole vyembamba na ulimi mzito. Hakuwa mtu wa maneno. Lakini alilolisema lilikaa.

Aliolewa mara ya kwanza bado mdogo, na jinsi alivyoolewa ni kichekesho. Ndivyo tulivyolelewa sie wa pwani: mwari akiulizwa akanyamaza, amekubali. Siku waliyokuja kumuuliza, Mwanakombo alikuwa na jino linamuuma, shavu limevimba, kinywa kimejaa karafuu. Akanyamaza. Wazee wakasema alhamdulillahi, mwari karidhia. Alinihadithia mwenyewe: "Shoga, mie niliozwa na jino." Mume alikuwa mtu mwema, sikatai, lakini homa ikamchukua, na Mwanakombo akakaa eda, akarudi kwa baba yake Mzee Mwinshehe, akashika kibao chake cha ususi tena. Akaapa kwamba kimya chake hakitamuoza mara ya pili. Na kweli sheria iko upande wake, maana mjane hanyamazi. Mjane lazima atamke.

Sasa tuje kwenye sinema, maana huko ndiko Mwasiti anakotaka nifike.

Mwaka ule aliotawazwa malkia wa Waingereza, lilikuwa likija gari la chai. Wenyewe walikuwa wafanyabiashara, wanauza majani ya chai kwenye vipakiti, na ili watu waje walionyesha sinema bure. Gari likisimama kiwanja cha mpira, watoto wanalikimbilia mpaka vumbi linaziba jua. Baada ya Isha wanafunga shuka kubwa jeupe kati ya miti miwili, mashine inawashwa, picha zinaanza kutembea.

Lakini wazee wa Mtoni walisema wanawake na wanaume hawawezi kusongamana gizani. Ikaamuliwa wanaume wakae mbele ya shuka, upande wa mashine, na wanawake nyuma yake. Ili sie wa nyuma tuone vizuri, shuka lilimwagiwa maji, picha ikapenya. Tuliona yote. Mie nasema tuliona vizuri kuliko wao, maana sie hatukuwa na ile mashine inayonguruma masikioni.

Picha zilisema Kizungu, na mbele ya shuka alisimama mfasiri na bomba la bati mdomoni, anatueleza. Mfasiri ndiye Mwinjuma. Alikuwa askari, alikwenda vita ya Bama kupigana na Wajapani, akarudi na Kizungu cha jeshini na mguu unaochechemea kidogo. Alipokosa neno alitia lake, na lake mara nyingi lilikuwa tamu kuliko la Mzungu. Picha ikionyesha watu wawili wamenuniana, yeye anasema, "Hapa bwana anamwambia mkewe, kwa nini umetia chumvi mara mbili?" Kiwanja kizima kinacheka. Nani atakwenda kumuuliza Mzungu?

Siku moja wakaleta picha ambayo sijaona mfano wake. Kulikuwa na bwana mmoja mtaalamu, nywele kama kiota cha kunguru, amejenga mlango wa chuma wenye taa na nyaya. Ukipita mlango ule unatokea mji ule ule, mtaa ule ule, nyumba yako ile ile, ila mambo yamekwenda vingine. Dunia ya kwanza bwana huyu alikuwa na mchumba wake, wameagana vizuri, bibi anamngoja stesheni ya treni na ua jeupe sikioni. Bwana akapita mlangoni, ukajifunga. Huko alikotokea akamkuta bibi yule yule, sura moja, sauti moja, ua lile lile ila sikio la pili, wala hamjui! Anamtazama kama unavyomtazama mtu aliyekukanyaga sokoni. Basi bwana akakaa huko akianza kupendwa upya na mtu aliyekwisha kumpenda, na huku nyuma yule wa kwanza anangoja, treni zinapita.

Mwinjuma akapiga kelele kwenye bomba: "Nyie! Hapa si peponi wala si kuzimu! Hii ni dunia ya ubavuni! Iko hapa hapa, kama wewe na jirani yako, ukuta tu katikati!"

Nyuma ya shuka tukaanza kubishana.

"Yule wa pili jini," akasema mama mmoja.

"Jini gani avae viatu vya visigino?"

"Majini ya Ulaya ndivyo yavaavyo."

"Mie nasema pacha. Mama yao kawaficha."

Kisha Mwanakombo, polepole, kama mtu anayejisemea, akasema, "Maskini yule anayengoja. Yeye hana habari kama kuna dunia nyingine. Anaona tu mtu haji."

Mwishoni mlango ulifunguka, moshi ukajaa, wanawake wote wawili wakatokea, huyu huku, yule kule, na bwana akashika mkono wa yule aliyengoja stesheni. Ungemjua kwa ua lake tu. Wanawake walipiga vigelegele mpaka mbwa wakabweka.

Picha ile ilipendwa, na gari la chai likairudisha mara nyingi.

Mwinjuma alikuwa amemwona Mwanakombo siku nyingi. Alipita mbele ya baraza lake, mguu unachechemea kuliko kawaida ili apite taratibu. Aliyekwenda Bama na kurudi hai, akaogopa neno "hapana" la msusi! Hakutaka kupeleka posa kwa Mzee Mwinshehe akataliwe hadharani, na shangazi yake ambaye angekuwa mshenga, mdomo wake ulikuwa kama ngoma. Akanijia mie kisimani.

"Bi Tunu, dada yangu, nipelekee neno."

"Neno peleka mwenyewe. Una bomba."

Akacheka, lakini jasho linamtoka. "Mwambie hivi. Alhamisi gari linakuja, na picha ni ile ile. Kama ananitaka, avae ua kama yule bibi wa stesheni, aliyengoja. Kama hanitaki, avae kama yule wa ubavuni, nami sitamsumbua tena wala sitamnunia. Nikipata ndiyo yangu, napeleka posa Ijumaa."

Nikapeleka neno kama lilivyo, sikutia wala sikupunguza. Mwanakombo alikuwa anamsuka mtu mtindo wa twende kilioni. Vidole vyake vikasimama.

"Kama yule aliyengoja?"

"Kama yule aliyengoja."

"Haya," akasema, akaendelea kusuka. Lakini yule aliyekuwa anasukwa alitoka siku ile na mistari miwili imepinda, jambo ambalo halijapata kutokea.

Alhamisi alioga, akajifukiza udi, akavaa kanga mpya, akachuma asumini uani kwao, akaziunga kwa uzi zikawa ua moja, akalitia sikioni. Sikio la kushoto. Tukaenda wote wawili mpaka kwenye gari kabla jua halijazama, watu wamejaa, na akasimama mbele ya Mwinjuma kununua kipakiti cha chai. Hakuinamisha uso. Kwa mjane wa Mtoni kusimama vile mbele ya mwanamume, ua sikioni, watu wanatazama, ilikuwa ni sawa na kupiga mbiu.

Mwinjuma alimtazama. Uso ukamshuka kama tanga lililokatwa kamba. Akampa kipakiti, akasema, "Karibu tena, Bibi," akamgeukia mteja mwingine.

Usiku ule alifasiri kama anayesoma tangazo la bwana afya. Hakutia chumvi hata punje. Na asubuhi gari lilikwenda, na Ijumaa posa haikuja, wala Ijumaa ya pili.

Mwanakombo hakulia. Alitoa kibao chake barazani akakaa kusuka, kama desturi. Jioni akaniambia, "Shoga, nilisema ndiyo mbele ya kiwanja kizima. Amenisikia, akaniuzia chai."

Sasa Mzee Mwinshehe hakujua lolote la haya. Yeye alikuwa na mtu wake, Salumu, mchoma mkaa wa Kibamba, mtu mzima, ana shamba, amefiwa na mke. Kibamba wakati ule ilikuwa pori, barabara ya Morogoro inapita, ukitoka hapa unakwenda kutwa. Mzee akamwita binti yake akamwambia, "Mwanangu, Salumu amekuja mara ya pili. Safari hii sitaki kimya. Wazee wataitwa baada ya Maulidi, utamke mwenyewe, ndiyo au siyo."

Mwanakombo akaniambia atatamka ndiyo. Nikamwuliza unampenda? Akasema, "Simchukii. Na hapa sitaki kupita tena pale kiwanjani."

Mie sikulala. Asubuhi nikajifunga kanga mbili nikaenda mpaka Keko alikopanga Mwinjuma. Nilimkuta kwenye benchi la muuza kahawa na wanaume wengine, nikamsimamia mbele.

"Wewe! Ulimtaka mtu avae ua, akavaa. Ukamfanya nini?"

Akasimama. "Bi Tunu, usinichome kidonda. Nimepata jibu langu nikanyamaza, kama nilivyoahidi. Alivaa kushoto."

"Si ndiyo! Kama yule wa stesheni!"

"Wa stesheni alivaa kulia."

"Kushoto!"

"Kulia, dada! Picha ile nimeifasiri mpaka naiota! Nilingoja ua la kulia, nimepata kulia mwenyewe."

Wanaume wakacheka. Mmoja akasema, "Wanawake hawa hata kulia na kushoto kwao hawakujui." Nikamwinulia mkono usoni. "Huu hapa ndio ninaolia ubwabwa! Unaujua wewe unaolia wako?" Lakini wote waliokuwa pale waliishika ile ile: bibi wa stesheni, ua kulia. Nikarudi Mtoni nikauliza wanawake, mlango kwa mlango. Wote: kushoto. Jioni mtaa mzima ulikuwa umegawanyika, waume na wake wananuniana vyumbani kwa ajili ya sikio la Mzungu. Mwanakombo aliposikia akasema, "Basi anatafuta njia ya kutokea. Mwacheni."

Watu wakaniambia, Tunu, kubali umeona vibaya. Mie? Macho yangu si ya kuazima. Nilichokiona nimekiona. Wangenikalisha kitako mpaka leo nisingesema kulia.

Gari likaja tena na picha ile ile wiki moja kabla ya Maulidi. Mwanakombo hakutaka kwenda, nikamvuta kwa mkono, nikamwambia njoo uwe shahidi wangu, si kwa ajili yake. Akaja bila ua. Na jioni ile alikuja kukaa nasi Demetria, mke wa mwalimu Kamugisha, watu wa Bukoba. Siku nyingine yeye alikaa mbele na mumewe, hawa Wakristo wa bara hawakujali mambo yetu ya pazia. Lakini Mwanakombo alikuwa amemsuka mchana, wakapatana, akaja kukaa na msusi wake.

Mashine ikawashwa, yakaja yale maandishi ya mwanzo. Sie tulikuwa tunayatazama kama unavyotazama nyayo za kuku. Demetria akainua shingo.

"Yeee! Mbona herufi zimegeuka?"

"Zimegeukaje?" nikamwuliza.

"Zinakwenda kinyume. Kama kwenye kioo. Nyie huku nyuma mnaona kila kitu kinyume!"

Kinyume. Neno lile lilinipiga kama maji ya baridi. Katika sie wote, mwaka mzima tumekaa pale, hakuna aliyejua herufi hata moja akaona zimegeuka. Nilimtazama Mwanakombo. Alikuwa ameinua mkono wake wa kulia, anautazama, kisha wa kushoto.

Sikungoja. Nikazunguka shuka, nikapita katikati ya wanaume, nikamshika Mwinjuma mkono na bomba lake.

"Njoo huku!"

"Bi Tunu, nipo kazini! Huko kwa wanawake nitaingiaje?"

"Macho fumba mpaka nikwambie ufumbue!"

Nikamburuta, mguu wake na wangu. Wanawake wakapiga kelele, wakavuta kanga vichwani. Nikamsimamisha pale pale tulipokaa. Nikamwambia fumbua. Kwenye shuka alikuwa yule bibi wa stesheni, ameinua uso, anatazama reli. Ua jeupe sikioni. Kushoto.

Mwinjuma alisimama mdomo wazi. Mbele wanaume wanaita, "Mfasiri! Mfasiri! Kasemaje?" Picha inakwenda peke yake, treni inapita, na yeye haoni ila lile ua. Kisha akashusha macho, na Mwanakombo alikuwa amekaa karibu na miguu yake, kwenye jamvi.

"Mwanakombo," akasema taratibu. "Kumbe ulinijibu."

"Nilikujibu," Mwanakombo akasema. "Wewe ndiye uliyekaa dunia ya ubavuni."

"Nijibu tena."

"Sirudii kwa kunong'ona. Nilisema mbele ya watu. Na wewe kaulize mbele ya watu."

Nilidhani atakimbia. Mtu wa kuogopa aibu! Akachukua bomba lake, akachechemea akarudi mbele. Kwenye picha yule bwana alikuwa bado hajaufikia mlango wa chuma, anaongea na mzee mmoja mambo ya nyaya. Mwinjuma akainua bomba.

"Nyie! Hapa bwana anasema hivi! Anasema, mie nilisimama upande mmoja wa shuka, nikadhani dunia ni huo tu. Nimemkosea Mwanakombo binti Mwinshehe. Anauliza, kama bado anamtaka, atamke!"

Vichwa vyote vikageukia shuka, mashine inanguruma. Mbele, kwenye mkeka wa wazee, alikuwa amekaa Mzee Mwinshehe mwenyewe, na tasbihi.

Kutoka nyuma ya shuka, sauti ya mtu asiyekuwa na maneno mengi ikasema, kubwa, kila mtu aisikie: "Namtaka. Na jino haliniumi!"

Watu wakacheka, vigelegele vikapanda, wengine hata hawakuelewa jino gani. Mzee Mwinshehe aliinamisha kichwa kidogo. Alilielewa lile neno la jino kuliko wote, maana yeye ndiye aliyemuoza siku ile. Akasema, "Mjane katamka. Mashahidi mpo." Kesho yake alikwenda Kibamba mwenyewe kumwambia Salumu, hakutuma mtu. Salumu akamkirimu muhogo, akamwambia, "Mzee, mwanamke anayeposwa kwa bomba la bati, mie na mkaa wangu ningempa nini?" Hawakukosana.

Wakaoana baada ya Maulidi, siku zile zile zilizokuwa za Salumu. Waliishi hapa hapa Mtoni, nyumba ya makuti, baadaye bati. Mwinjuma aliendelea na gari mpaka likaacha kuja, kisha akauza kahawa. Wakigombana, na waligombana, mmoja anasema, "Kulia kwako au kulia kwangu?" ugomvi unaisha, au unaanza mwingine. Mwanakombo alipokuwa nyumbani alivaa asumini kushoto. Akitoka, kulia. Watu walidhani ni urembo.

Lakini jambo moja nataka liandikwe, maana Mwasiti halijui. Miaka mingi baadaye tulikwenda Kibamba mazikoni. Mwanakombo alikuwa anatazama kila mwanamke aliyepita barabarani, uso kwa uso, mpaka nikamwuliza unamtafuta nani.

"Najitafuta mie," akasema. "Yupo Mwanakombo aliyekuja huku. Amekaa na mkaa, mikono imepasuka, hana habari ya kitu. Sitaki anione. Nataka tu nijue kama ana mtu wa kumsuka."

Kisha akamwita mama mmoja wa pale, mgeni kabisa kwetu, nywele zimetimka, akamkalisha chini ya ukingo wa nyumba, akamsuka twende kilioni, mistari kumi na miwili iliyonyooka, hakutaka shukrani. Tukarudi.

Mwinjuma alitangulia. Mwanakombo alikufa mwaka juzi, kiangazi, na vidole vyake vilikuwa vimekunjamana, hawezi kusuka hata ukili.

Nimemaliza. Mkono unauma, na karatasi za daftari zinakwisha. Sasa wewe uliyesoma yote haya bure, usiniambie ahsante Bibi. Pale makaburini Mtoni, mie miguu hainifikishi tena, na mbuzi wamekula asumini niliyopanda. Chukua tawi, uje upitie kwangu nikuonyeshe kaburi, uende ukalipande upande wa kulia wa kichwa chake. Lakini kabla hujachimba, zunguka kaburi lote kwanza, halafu urudi uniambie umechagua kulia kwa nani.